Bescarul wa Kumi na Tano

Asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, Sajini Leocadia Berruezo aliwapigia simu watu wa maabara, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga kwa msajili wa vizazi na vifo. Ikaita. Akapiga kwa hakimu, naye hakimu alipokea, lakini alipokea kwa ajili ya kumkumbusha jambo moja tu: kesho asubuhi muda wa kumshikilia Sixto Bescarul unakwisha, na kama Sajini hana jipya, yeye atatia sahihi mtu apelekwe gerezani.

"Damu ni ya ukoo wao, Sajini. Wanaume wa ukoo huo ni wanne. Watatu walikuwa mbali. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta kidonda, mheshimiwa. Aliyevunja kile kioo alijikata. Sixto hana hata mchubuko."

"Vidonda hupona."

"Kwa wiki moja? Bila kovu?"

"Vidonda hupona, Sajini. Sikukuu njema," alisema hakimu, na kabla simu haijakatika ilisikika sauti ya mwanamke ikimwita mezani, kahawa inapoa.

Leocadia alibaki ameikodolea macho simu kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Alikuwa mtu wa Cartagena, wa pwani, wa maneno mengi na mikono mingi wakati wa kuongea, na tangu alipohamishiwa bonde hili la milimani alikuwa hajapata jibu moja lililonyooka. Koplo wake, Tirado, alitoka Badajoz, mgeni kama yeye. Wageni wawili katika bonde ambalo watu hufungua mdomo kwa kupima, kama duka la dawa.

Na kesi yenyewe kwa kuitazama ilikuwa nyepesi. Mwalimu mstaafu Abilio Cosculluela alikutwa sebuleni kwake, kijijini Arbisal, kichwa kimepasukia kwenye ukingo wa jiwe la meko, na tangu siku hiyo alikuwa hospitali ya Huesca, hafumbui macho. Kando yake, kabati la kioo alimowekea ngao ya ukoo wa Bescarul lilikuwa vipande vipande. Aliyemsukuma aliosha sakafu kwa klorini, akaiharibu damu karibu yote. Maabara iliambulia kitu kimoja tu, ule mstari wa vinasaba unaoshuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Huo ulikuwa wa kina Bescarul, hapana shaka.

Jina lenyewe adimu kuliko mvua ya Cartagena. Ofisi ya takwimu ya serikali haitangazi jina la ukoo linalobebwa na watu wasiofika ishirini, na kina Bescarul walikuwa kumi na wanne duniani kote, wake kwa waume. Kwa hiyo kwa serikali hawapo. Mwalimu Abilio, ambaye hata hakuwa Bescarul mwenyewe, ila marehemu mkewe, aliutoa uzee wake wote kutafuta walikotoka. Mwaka mmoja alisema wametokana na mpanda farasi aliyekuja na wafalme kuwafukuza Waarabu, na hapo ndipo alipochongesha ile ngao. Mwaka mwingine wakawa wafanyabiashara wa sufu kutoka kwa Wabaski. Mwisho kabisa akasema wametoka kwenye gofu la kijiji kule juu mlimani, kuta tatu na upupu, na kwamba hawajawahi kuwa wakubwa wa mtu yeyote. Safari hii alikusanya mate ya watu kwa vijiti vya pamba, ya kina Bescarul na ya majirani pia ili kulinganisha, akayatuma kampuni moja ya ng'ambo. Jumamosi hii ukoo mzima ulikuwa ukutane kwa chakula cha mchana naye awasomee asili yao. Leocadia aliwaandikia kampuni hiyo kuomba majibu. Walimjibu kwa ujumbe wa mashine, wakimshukuru kwa kuwachagua.

"Twende Arbisal," alimwambia Tirado.

"Leo sikukuu, Sajini."

"Nimeambiwa. Mara tatu."

* * *

Baa ya Arbisal ilikuwa na watu wachache: wazee wanne mezani wakicheza karata, na mwenyewe Bi Orosia nyuma ya kaunta akipanga vitumbua vya sikukuu kwenye sahani. Leocadia alikuwa hajaagiza hata kahawa. Mlango ulifunguliwa kwa teke, akaingia Nieves, mke wa Sixto, buti zimejaa tope hadi magotini.

"Theluji inakuja Jumapili," alisema, hata salamu hakutoa. "Kondoo mia tatu wako juu, mbwa hanisikii mimi, na mwenye mbwa umemfungia wewe. Basi panda ukawateremshe."

"Mama Nieves, nisaidie nikusaidie. Usiku ule mumeo..."

"Usiniite mama, nimekuzidi miaka miwili tu! Nimekwambia, alikuwa juu na kondoo. Waulize kondoo."

Wazee wakacheka ndani ya karata zao. Leocadia akawageukia.

"Nyinyi mnacheka nini? Mtu wenu anakwenda gerezani kesho."

Kicheko kikakatika. Mmoja akaitupa karata, mwingine akaiokota taratibu sana.

"Sixto aligombana na Mwalimu hapa hapa," alisema Leocadia. "Kila mtu alisikia. Waligombania nini?"

"Asili," alijibu Bi Orosia. "Sixto alisema yeye ni mchungaji mwana wa mchungaji na hahitaji farasi wala ngao. Mwalimu akamwambia safari hii hakuna farasi. Akasema siku ya chakula atawaambia jambo la kuwaweka wima kwenye viti."

"Jambo gani?"

"Kwamba kina Bescarul si kumi na wanne. Ni kumi na tano."

Leocadia aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta. Alihesabu pumzi.

"Bi Orosia. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki mara ngapi tangu juzi?"

"Mara nyingi."

"Na hukuniambia hilo."

"Uliniuliza kama Mwalimu ana maadui. Hesabu si adui."

"Na wewe Nieves, ulijua?"

"Mimi nimeolewa tu," alisema Nieves, na kwa mara ya kwanza alitazama pembeni. "Mambo ya damu yao ni yao."

Tirado alikuwa keshatoa kalamu. Nje, kwenye baridi, alimwambia Sajini wake kwa furaha kwamba sasa kesi imefunguka: yupo Bescarul wa tano mwanamume, amefichama mahali, lazima awe na cheti cha kuzaliwa. Leocadia akampigia Evaristo Bescarul, mmoja wa wale wanaume wanne, aliyeishi Rosario kule Ajentina, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaamka.

"Binamu!" alipiga kelele Evaristo.

"Mimi si binamu yako. Mimi ni Sajini Berruezo, tumeshaongea."

"Ah, Sajini! Nimekumbuka kitu. Babu alikuwa akisema kuna Bescarul mmoja alikwenda Manila."

"Lini?"

"Kwa meli."

"Nimeuliza lini, bwana, si kwa chombo gani."

"Zamani za babu yake babu. Au huenda ilikuwa Marseille. Ngoja nimwamshe shangazi..."

Shangazi aliamshwa. Shangazi alikumbuka Manila, akakumbuka pia harusi, ugonjwa wa ng'ombe, na mtu aliyekuwa na meno ya dhahabu ambaye mwishowe ilibainika hakuwa wa ukoo. Leocadia alishika simu mbali na sikio na kuutazama mnara wa kanisa. Alipokata, sikio lilikuwa linawaka.

"Kwa msajili?" aliuliza Tirado.

"Kumefungwa."

"Kwa padri, kwenye vitabu vya ubatizo?"

"Padri ana vijiji tisa leo, na vyote vina wafu. Tirado, hebu fikiri. Mtu mwenye jina hilo angekuwepo, Mwalimu angekwisha mpata miaka ishirini iliyopita. Jina alilitafuta mpaka Marseille. Kilichokuwa kipya safari hii ni nini?"

Tirado alifikiri. "Mate."

"Mate hayana jina." Leocadia alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni. "Wako wapi watu wote?"

"Makaburini, Sajini. Leo watakuwa wapi?"

* * *

Makaburi ya Arbisal yalikuwa ukuta mmoja mrefu nyuma ya kanisa, wafu wamepangwa safu nne kwenda juu, kila mmoja na jiwe lake mlangoni. Kijiji kizima kilikuwa hapo na ndoo, matambara, brashi na maua ya krisanthemu. Ngazi zilikuwa mbili tu, na watu waligombea zamu kwa sauti ya chini kwa heshima ya mahali, wakitupiana maneno ambayo yangestahili baa.

Leocadia alisimama kando na Tirado. Hakuwa na swali la kuuliza, na pengine ndiyo maana safari hii aliona.

Bi Visitación, dada mkubwa wa Sixto, alifika mbele ya kaburi la baba yao, Mzee Melchor Bescarul, aliyefariki miaka mingi nyuma. Lilikuwa safu ya pili, kimo cha kifua. Jiwe lilikuwa limekwisha oshwa, linang'aa bado na unyevu, na mbele yake kilisimama chungu kidogo cha krisanthemu za njano. Bi Visitación hakushangaa. Alikishika chungu kile, akakiweka chini kando ya ukuta, akatumbukiza tambara lake ndooni na kuliosha tena jiwe lililokuwa safi.

Leocadia alimsogelea.

"Habari za sikukuu, Bi Visitación. Nani kamletea baba yako maua?"

"Upepo."

"Na jiwe ameliosha upepo?"

"Upepo wa kwetu ni msafi."

"Kila mwaka?"

Mama yule alisugua herufi za jina la baba yake bila kugeuka. "Mtoe ndugu yangu jela, kisha uniulize habari za maua."

Ilikuwa sawa na kuongea na ukuta, na ukuta ulikuwepo hapo hapo kwa yeyote aliyetaka kulinganisha. Leocadia alirudi kwa Bi Orosia, aliyekuwa akipanga maua yake mwenyewe.

"Bi Orosia, nataka kuuliza swali, na naomba ujibu nililouliza na nisilouliza. Jirani anaweza kumwoshea jirani jiwe? Kwa wema tu?"

Bi Orosia alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama jirani anaweza kumwogeshea mumewe.

"Hapa? Hata chungu kikidondoka hukiinui kama si cha kwako. Niliacha cha Bi Benita kikavingirika hadi getini mwaka juzi. Kuosha jiwe ni kazi ya damu, Sajini. Mke, mtoto, ndugu. Basi."

"Mjane wa Mzee Melchor yuko wapi?"

"Safu ya pili, ubavuni kwake."

"Na watoto wake ni Visitación na Sixto."

"Ndivyo wanavyoandikwa," alisema Bi Orosia, akainama kwenye maua yake, akakataa kuinuka.

Ndivyo wanavyoandikwa. Leocadia alilitafuna neno lile. Na hapo, mwisho wa pili wa ukuta, akasikia sauti ya mwanamume kutoka juu ya ngazi.

"Mama, shika vizuri, inateleza."

Alikuwa Eladio, mwoka mikate, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpana, mkono wake mmoja umevaa glavu ya mpira. Leocadia alimjua, kila mtu alimjua, duka la mikate lilikuwa moja tu. Alitazama chini ya ngazi kumtafuta huyo mama. Aliyeshika ngazi alikuwa Bi Práxedes, yule bibi mfupi aliyekaa kaunta ya duka la mikate.

"Tirado," alisema bila kugeuka. "Bi Práxedes ni nani kwa Eladio?"

"Dada yake mkubwa, Sajini. Niliwahoji mimi mwenyewe."

"Alikwambia ni dada yake?"

"Hapana, lakini majina..." Tirado alifungua kumbukumbu zake. "Eladio Sampietro Buil. Práxedes Sampietro Buil. Majina yote mawili sawa. Baba mmoja, mama mmoja."

"Amemwita mama sasa hivi. Nani humwita dada yake mama?"

Koplo aliyasoma tena majina yale mawili. Hata mtoto wa chekechea anajua hesabu hii ya majina mawili ya ukoo: la kwanza la baba, la pili la mama, na mwenye yote mawili sawa na yako ni ndugu yako wa tumbo moja. Iko njia moja tu nyingine. Msichana akizaa na baba asijitokeze, mtoto huandikwa majina mawili ya mama yake, na karatasini anageuka kuwa mdogo wake. Leocadia alikuwa ameona hivyo kwao mara chungu nzima. Tirado pia. Wote wawili walikuwa wameusoma mstari ule na kuupita, kwa sababu walikuwa wanatafuta jina, na hilo halikuwa jina walilolitafuta.

"Sisi ni wapumbavu," alisema Leocadia kwa utulivu. "Andika hilo."

"Niandike, Sajini?"

"Na huo mkono? Wewe si ndiye uliyeandika habari zake?"

"Ameungua. Kwenye tanuri. Ulikuwa na bandeji, mwoka mikate, nikaona..."

"Uliona ulichotarajia. Njoo."

Walisimama chini ya ngazi. Eladio aliteremka polepole, brashi mkononi, na watu waliokuwa karibu wakaanza kushughulika sana na maua.

"Eladio, pole na mkono. Bado unauma?"

"Unaendelea vizuri."

"Tanuri?"

"Tanuri."

"Hebu vua glavu."

"Maji baridi, Sajini. Kidonda kitaingia uchafu."

"Vua glavu, Eladio."

Alimtazama mama yake. Kisha akaivua, kidole baada ya kidole. Kidonda kilipita kiganjani kutoka chini ya kidole gumba mpaka upande wa pili, kimenyooka, kimeshonwa kwa uzi mweusi wa kushonea nguo, mshono mdogo mdogo wa mtu mwenye mkono mzuri.

"Moto haushonwi," alisema Leocadia.

Tambara la Bi Visitación lilikuwa limesimama juu ya jiwe. Leocadia alimgeukia Bi Práxedes na, kwa mara ya kwanza tangu ahamie bonde hilo, aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani aliosha jiwe la Mzee Melchor leo alfajiri, mama?"

"Mimi." Bibi alijinyoosha, ingawa hakikuongezeka kimo. "Mimi ndiye huliosha, kabla kengele haijapigwa. Na leo nitasema kwa mdomo wangu, maana naona mnazunguka kama kuku. Niliingia kufanya kazi kwenye nyumba ile nikiwa msichana. Huyu ni mtoto wa Melchor. Haya, mmesikia wote, ingawa hapa hakuna asiyejua ila hawa askari wawili."

"Mama, basi," alisema Eladio.

"Basi nini? Nimenyamaza maisha yangu yote, na angalia kimya kimezaa nini."

Leocadia alimsogelea Eladio, akasimama kati yake na watu.

"Mwalimu alichukua mate yako."

"Alikuja dukani na vijiti vyake. Ya kulinganisha tu, akasema. Ningejua!" Eladio aliongea akitazama kiganja chake. "Akarudi amefurahi kama mtoto. Ananiambia mimi ni Bescarul wa kumi na tano. Ati Jumamosi nikae meza ya mbele, atanisimamisha. Kwamba mimi ni ushahidi. Nikaenda kwake kumsihi. Nikamwambia, Mwalimu, mama yangu yu hai, subiri afe. Akaniambia elimu haisubiri mazishi."

"Ukamsukuma."

"Nilimsukuma. Alishika lile kabati, nami nikalishika, likaja lote. Nilidhani amekufa. Nikaosha, nikaenda kuwasha tanuri, maana ilikuwa saa ya mkate."

"Na Sixto? Ulijua tumemkamata. Umeoka mkate siku zote hizi, umeniuzia na mimi. Mkate wa joto! Wewe mtu una moyo gani?"

Hapo tu Eladio aliinua macho, na macho yenyewe yalikuwa makavu.

"Jina ni lake, Sajini. Amelala kwenye nyumba ya jina lile, ameoa kwa jina lile, kondoo ni wa jina lile. Mimi nimepita mlango wao nimebeba mikate yao tangu nikiwa mdogo, kwa mlango wa nyuma. Nikasema mara hii moja tu, jina na limwelemee yeye."

Kofi la Bi Práxedes lilisikika mpaka getini. Ilibidi ajinyanyue kwenye vidole vya miguu ili kumfikia. Kisha alikamata mkono ule ule uliojeruhiwa, akauvalisha glavu mwenyewe, akamkabidhi mwanawe kwa Sajini.

* * *

Kituoni, Leocadia alimketisha Eladio kwenye benchi la ukumbini na Tirado kando yake, akachukua funguo na kwenda mahabusu. Alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Hakimu angeambiwa kabla ya kumaliza chakula chake cha mchana, na hilo peke yake lilikuwa tamu. Lakini alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa inamtafuta mtu.

Sixto Bescarul alikuwa ameketi kitandani, mikono mikubwa imening'inia katikati ya magoti.

"Simama. Uko huru."

Hakusimama. "Kwa nini?"

"Amepatikana mwenye kidonda."

Sixto alivuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Hakuuliza ni nani. Leocadia, aliyekuwa keshageuka kutoka, alirudi hatua moja.

"Huniulizi ni nani?"

Sixto aliinama kukaza buti zake.

"Ulijua," alisema Leocadia. "Mungu wangu. Ulijua!"

"Uliponiambia damu ni ya kwetu, nami najua si yangu, nilihesabu. Hesabu yenyewe si ndefu."

"Siku mbili nakuuliza! Nimekuuliza hapa hapa, nimekunywesha kahawa, nimekubembeleza kama mgonjwa: Sixto, yupo mwanamume mwingine? Ukaniambia hakuna!"

"Uliuliza kama yupo mwingine mwenye jina letu. Hakuna."

Leocadia alipiga nondo za mlango kwa funguo mpaka Tirado akaja mbio, akakuta hakuna hatari, akarudi.

"Kesho ungekwenda gerezani, mwehu wewe! Mwalimu akifa, ingekuwa miaka! Mkeo yuko kwenye tope anabishana na mbwa. Na huyo unayemficha, unajua amesema nini? Amesema jina na likuelemee. Alikuacha uoze kwa makusudi!"

"Nilifikiri hivyo."

"Na bado ukakaa kimya?"

Sixto alisimama sasa. Akafuta mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu, akatoka, na mwishoni mwa ukumbi akamwona Eladio kwenye benchi, pingu mikononi. Walitazamana. Hawakufanana sana, ila mabega. Tirado aliinuka nusu, Leocadia akamwashiria akae.

"Baba alipokuwa anakufa," alisema Sixto, na hakujulikana kama anamwambia Sajini au yule wa kwenye benchi, "nilikaa naye peke yangu. Visitación alikwenda kumwita padri. Alikuwa haoni tena. Nikamshika mkono. Akaniambia, 'Eladio, umekuja.'"

Eladio hakusogea.

"Sijawahi kumwambia mtu. Si Nieves, si dada yangu. Ningesemaje? Miaka yote nimekaa na mzee yule, nimemchungia, nimemwogesha, halafu aliyekuwa anamngoja ni wewe."

"Uongo," alisema Eladio.

"Alisema mara mbili."

Leocadia alikuwa na maneno mengi ya kuwaambia wanaume hao wawili, ya kikwao, ya pwani, yasiyofaa kuandikwa. Alikuwa ameyapanga tangu makaburini. Badala yake alizitundika funguo msumarini.

"Na wewe ukamwambiaje?" aliuliza Eladio.

Sixto alivaa kofia yake. Ilibidi ajaribu mara mbili.

"Nilimwambia, nimekuja, baba."